Oskileta inashuka kadiri noti zinavyopanda: milivolti zinapotelea wapi?

Swali: "Fundi, salaam. Niko Mombasa, nafanya muziki nyumbani. Nina sinthesaiza ya analogi ya moduli yenye oskileta mbili, yaani sehemu zinazozalisha sauti. Naziendesha kutoka kwenye laptop: programu inatuma noti kwa USB hadi Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), Arduino inaiamuru chipu ya DAC ya biti 12 inayogeuza namba kuwa volti, kisha kuna rezista ya 1k (omu elfu moja), jeki, na waya wa kugawanya unaoingia oskileta zote mbili. Chipu inatumia umeme wa USB. Asubuhi niliupima nikapata volti 4.98 nikaandika namba hiyo kwenye kodi. C ya chini naityuni ikakaa sawa. Oktava moja juu iko chini kwa senti 24, ya pili 47, ya tatu 70. Ajabu ni kwamba mita inaonyesha 1.00, 2.00 na 3.00 bila kasoro. Jioni hali inabadilika tena, hasa nikichomoa chaja ya laptop. Nimebadilisha programu mara mbili. Je, ninunue moduli ya biti 16? Na swali dogo la mwisho: mjomba wangu ni mpiga ganuni, anataka tupige Rast, ile makamu ya Kiarabu, pamoja. Sauti zile zilizo katikati ya vitufe, naweza kuzipata?"

Salaam zimefika, ndugu yangu. Nianze na swali la mfukoni: hapana, usinunue. Moduli ya biti 16 ni kitu kizuri, lakini ukiifunga penye rezista ileile na waya uleule wa kugawanya, C yako ya juu itashuka senti 70 vilevile, ila safari hii itashuka kwa usahihi mkubwa zaidi.

Umenirahisishia kazi kwa kuleta namba. Wengi huniandikia "haityuni" wakaishia hapo, nami nabaki kupiga ramli. Wewe umeleta 24, 47 na 70, na kila oktava imepoteza karibu kiasi kilekile, senti 23 na ushei. Programu inayokosea noti, au chipu yenye hatua kubwa mno, ingekupa makosa ya kurukaruka: noti hii juu kidogo, ile chini kidogo, nyingine sawa. Kosa linalokua kwa mstari ulionyooka maana yake kuna kitu kinaikata kila volti kwa asilimia ileile. Kwako ni asilimia 2 hivi, na tunaweza kumjua anayekata bila kufungua kisanduku.

Nieleze kwanza hizo asilimia 2 zinavyogeuka kuwa senti, maana ndipo shina la mambo yote. Sinthesaiza nyingi za analogi zinafuata utaratibu uliotokana na kazi ya Robert Moog kule Marekani katikati ya miaka ya 1960: volti 1 kwa oktava. Ongeza volti 1, mitetemo inakuwa maradufu. Ongeza nyingine, maradufu tena. Oktava ina nusu toni 12, basi nusu toni moja ni milivolti 83.33. Nusu toni ina senti 100, basi senti moja ni milivolti 0.83. Ukipoteza asilimia 2 ya volti moja umepoteza milivolti 20, nazo ni senti 24. Senti za muziki, si za mfukoni, ingawa kwenye kazi hii zote mbili huenda pamoja.

Fundi wa umeme wa nyumba hana shida hii. Feni ikipata volti 235 badala ya 240, hakuna mtu atakayeinua kichwa. Sisi sikio lenyewe ndilo mita, na ni mita kali. Oskileta mbili zikipiga A ya 440, moja ikakosea senti 4 tu, yaani milivolti tatu na kidogo, utasikia sauti ikivimba na kunywea karibu mara moja kila sekunde. Wakati mwingine tunaitaka hali hiyo, ndiyo inayonenepesha besi. Lakini tunaitaka kwa hiari yetu.

Sasa mkataji. Rezista ya 1k uliyoweka kati ya chipu na jeki ina kazi yake: jeki ikigusana na ethi wakati wa kuchomeka, chipu isiungue. Lakini upande wa pili wa waya, tundu la oskileta linalopokea volti kwa kawaida lina rezista ya 100k. Zikiwa oskileta mbili kwenye waya mmoja wa kugawanya, zile 100k mbili zinasimama sambamba na kuwa 50k. Volti yako sasa inapita kwenye 1k, kisha 50k. Oskileta zinapata sehemu 50 kati ya 51 za ulichotuma, yaani asilimia 98.04. Hesabu inatoa senti 23.5 kwa oktava; kwa oktava tatu, 70.6. Wewe umepima 70. Sijawahi kupata barua inayokubaliana na hesabu kiasi hicho.

Na C ya chini mbona haikosei? Kwa sababu pale unatuma volti sifuri, na asilimia 2 ya sifuri ni sifuri.

Mita nayo imekudanganya kwa njia mbili. Kwanza, naamini ulichomoa waya wa kugawanya ukapima pale kwenye jeki tupu. Mita ina ukinzani wa omu milioni moja au hata milioni kumi, haivuti umeme wa maana kupitia ile 1k, kwa hiyo inaona volti kamili ambayo oskileta hazitaiona kamwe. Pili, mita za bei nafuu zinahesabu hadi 1999 tu. Ukiiweka kwenye 20V, tarakimu ya mwisho ni milivolti 10, sawa na senti 12. Hiyo "1.00" yako inaweza kuwa 0.996 au 1.004 na mita isikuambie. Ipeleke kwenye 2V, ambako inasoma milivolti moja moja, chomeka oskileta zote mbili, tuma volti 1, kisha pima kwenye jeki. Natarajia utaona kama 0.980. Kwa volti zinazozidi 2 mita hiyo haikusaidii tena. Hapo tumia oskileta yenyewe na programu ya kutyuni ya kwenye simu, ambayo inasoma vizuri kuliko mita ya elfu kadhaa.

Kama hutaki hata kutafuta mita, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Shikilia C ya juu, ile ya oktava ya tatu, huku unasikiliza oskileta ya kwanza peke yake. Kisha chomoa waya wa oskileta ya pili. Sauti ya kwanza itapanda ghafla kwa senti 35 hivi, zaidi ya theluthi ya nusu toni, bila wewe kugusa chochote. Mzigo umepungua kutoka 50k hadi 100k, na makato yamepungua kutoka asilimia 2 hadi 1. Isipopanda, nimekosea mimi, niandikie tena.

Nakwambia haya kwa kujiamini kwa sababu yalinikuta. Zamani nilimaliza wikiendi mbili nikiandika upya programu ya sikwensa, kile kifaa kinachopiga noti zilizopangwa, nikaongeza jedwali la masahihisho, nikalitengeneza jedwali la pili kwa sababu la kwanza "liliharibika" kila nilipoongeza oskileta. Kilichokuwa kinaharibika ni hesabu ya rezista ambayo mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha pili angeifanya kwa kalamu.

Kuna kishawishi kimoja ukikwepe: usishike bisibisi. Nyuma ya oskileta kuna skrubu ndogo ya skeli, ya kurekebisha upana wa oktava, na ni kweli ukiizungusha unaweza kurudisha zile asilimia 2. Oktava zitakaa. Kisha siku utakayochomoa oskileta moja, au ukaazima sikwensa ya rafiki, kila kitu kitakuwa juu, na utakuwa umepoteza tyuni ya kiwandani ambayo haikuwa na kosa. Hali ni hiyohiyo ukizidisha kwa 51 na kugawa kwa 50 ndani ya kodi. Inafanya kazi, hata mimi nimeifanya nikiwa jukwaani nimebanwa, lakini ni kweli kwa idadi ileile ya oskileta tu.

Dawa yenyewe ni opampu moja, yaani kikuza volti kinacholinganisha miguu yake miwili ya kupokelea. TL072 inapatikana kila mahali, ina mbili ndani, na unailisha volti 12 chanya na 12 hasi kutoka kwenye sinthesaiza. Volti ya chipu ya DAC inaingia mguu wa chanya. Mguu wa kutolea unapita kwenye 1k hadi jeki, kama sasa. Ujanja uko kwenye waya wa kurudisha kwenda mguu wa hasi: watu wengi wanautoa moja kwa moja kwenye mguu wa kutolea, kisha wanashangaa kosa liko palepale. Utoe baada ya ile 1k, upande wa jeki, kupitia rezista ya 10k. Hapo opampu inaangalia volti iliyofika jekini na inaongeza nguvu mpaka ilingane na iliyoagizwa, iwe umechomeka oskileta moja au nne. Weka pia kapasita ndogo ya pikofaradi 100 hivi kutoka mguu wa kutolea hadi mguu wa hasi, la sivyo waya mrefu unaweza kuifanya opampu ianze kutetema yenyewe. TL072 ina kasoro ya milivolti chache isiyobadilika; hiyo inasogeza noti zote sawasawa na utaifuta kwa kitasa cha kutyuni. Asiyetaka kulehemu anaweza kununua moduli ya kugawanya yenye bafa (saketi inayobeba mzigo wa oskileta) ndani, lakini kwako bado kutabaki ile 1k kabla ya bafa, japo mzigo utakuwa 100k moja isiyobadilika. Mimi ningelehemu.

Sasa jioni yako. Hapa kuna mkosaji wa pili, na amevaa nguo zinazofanana na za wa kwanza.

Chipu uliyonayo haina kipimo chake yenyewe. Ukiiambia "toa nusu", inatoa nusu ya umeme unaoingia, na umeme unaoingia ni ule wa USB. Volti 5 za USB zinaruhusiwa kutembea kati ya 4.75 na 5.25, nazo zinatembea kweli: chaja ikichomolewa, skrini ikiongezwa mwanga, diski ya nje ikichomekwa. Kodi yako inaamini 4.98 ya asubuhi. Ikishuka hadi 4.93 tu, kila volti imepungua asilimia 1, na oktava ya tatu imeshuka senti 36 nyingine. Vilevile kosa linakua kwa mstari, vilevile C ya chini imetulia. Tofauti ni moja: la mzigo halibadiliki saa wala siku, la USB linabadilika ukigusa laptop. Ndiyo sababu sikuamini maelezo yanayosema "inashuka tu". Nataka kujua inashuka vipi, na lini.

Kwa hili badilisha chipu, lakini si kwa kutafuta biti zaidi. Tafuta yenye rejea ya volti ndani. MCP4822 ni ya biti 12 vilevile, na bei yake haitishi. Ndani ina rejea ya volti 2.048, na ukiiamuru ijizidishe mara mbili inatoa hadi 4.096 kwa hatua 4096. Maana yake hatua moja ni milivolti 1 kamili. Kwa mtu anayefanya hesabu za muziki hii ni raha: oktava ni 1000, namba ya kwenye kodi ndiyo milivolti zenyewe. Unapata oktava nne, na barua yako inazungumzia tatu. Usitarajie kwamba 1000 itatoa 1.000 pale pale. Kiwanda kinaruhusu kiwango kitofautiane hadi asilimia 2 kati ya chipu na chipu, na mstari wake unaweza kupinda kidogo katikati, kwa kawaida hatua kama 2, kwa chipu mbaya hadi 12. Unachonunua hapa ni utulivu. Kosa lililotulia linapimwa mara moja na kusahihishwa. Linalotembea na chaja halisahihishiki.

Kuhusu biti, tufanye hesabu tuachane nazo. Chipu yako ya sasa ina hatua za milivolti 1.2, na kosa kubwa kabisa la kukadiria ni nusu yake, robo tatu ya senti. Hakuna anayeisikia. Biti 8, kama zile za PWM ya Arduino (kuwasha na kuzima umeme haraka haraka ili kuiga volti), zinatoa hatua ya milivolti 19.5, senti 23, nazo hazifai kwa noti hata ukizichuja vipi. Chujio likiwa zito la kutosha kuondoa mkwaruzo, noti nazo zinaanza kuteleza badala ya kuruka. Biti 16 zinakuwa na maana ukitaka volti 10, oktava kumi, ambako biti 12 zinakupa hatua ya karibu senti 3, au ukipenda kuteleza polepole sana kutoka noti hadi noti bila kusikia ngazi. Siku ukifika huko, nunua.

Lakini angalia kodi yako kwa kosa moja ambalo nimelikuta kwa watu wengi, wakiwemo wanaojua kuliko mimi. Nusu toni ni 83.33. Mtu anaandika 83, kisha anazidisha kwa idadi ya noti. Nusu toni 12 zinakuwa 996 badala ya 1000, na baada ya oktava nne umepoteza milivolti 16, senti 19. Mstari ulionyooka tena! Zidisha noti kwa 1000 kwanza, gawa kwa 12, kisha ndipo ukadirie. Na kwenye bodi nyingi za Arduino kumbuka namba kamili ya kawaida inaishia 32,767. Nusu toni 33 mara 1000 zimeshaipita. Tumia aina ya namba iitwayo "long", inayobeba kubwa zaidi.

Baada ya opampu na chipu mpya, oskileta zako zitapata volti sahihi, na hapo ndipo itakuwa haki kuzihukumu zenyewe. Ziwashe nusu saa kabla. Ndani ya oskileta kuna jozi ya transista inayogeuza volti kuwa mkondo unaoongezeka maradufu kwa kila oktava, na kule ndani kabisa oktava nzima inakaa kwenye milivolti 18 hivi. Kiwango hicho kinapanda na joto, asilimia 0.33 kwa kila digrii, kwa sababu ya fizikia ya transista yenyewe. Bila kinga, noti iliyo oktava tatu mbali na ile ambayo jozi inalingana ingesogea senti 12 kwa digrii moja tu. Wajenzi wanaikinga kwa rezista inayobadilika na joto kwa mwendo uleule, iliyogandishwa juu ya jozi, au kwa chipu kama CEM3340, ambayo ina fidia ndani yake. Kinga hiyo ni nzuri, si kamilifu. Kwa hiyo pangaboi lisielekee usoni pa sinthesaiza, na kama chumba kina kiyoyozi, kiwashe kabla ya kutyuni, si baada. Mtu anayetyuni saa nane mchana dirisha likiwa wazi, kisha akafunga na kuwasha kiyoyozi arekodi, atatyuni tena.

Skrubu ya skeli, sasa ndiyo zamu yake kama bado inahitajika. Piga C ya chini, ityuni kwa kitasa. Piga C ya oktava tatu juu, sahihisha kwa skrubu. Rudi chini: itakuwa imesogea, ityuni tena kwa kitasa. Panda tena. Mara tano au sita kosa linakuwa dogo hadi halionekani. Ukiona oktava tatu zimekaa lakini ya nne tu ndiyo inashuka, usiendelee kuzungusha skeli. Hiyo ni tabia ya oskileta katika mitetemo ya juu, ambako muda mdogo wa kujirudisha mwanzo unaanza kuonekana, na zenye heshima zina skrubu ya pili kwa ajili hiyo.

Kinachobaki baada ya hapo, senti mbili tatu huku na kule, ndiko programu inapostahili kuingia. Peleka sauti ya oskileta kwenye tundu la kurekodia la laptop. Iamuru programu itume milivolti 0, 500, 1000, hadi 4000, ikisubiri kidogo kila mara, ipime mitetemo, na iandike jedwali: niliagiza hii, nikapata ile. Wakati wa kupiga, inatafuta kati ya nukta mbili zilizo karibu. Wazo hili si geni. Sinthesaiza ya Prophet-5 ya mwaka 1978, ya kampuni ya Dave Smith, Sequential Circuits, ilikuwa na kitufe cha kutyuni: kompyuta ndogo iliyomo ndani inazipima oskileta zote na kuweka masahihisho kwenye kumbukumbu, na wanamuziki walikibonyeza kitufe hicho kati ya nyimbo. Roland nao mwaka 1982 kwenye sinthesaiza yao ya Juno-6 wakaikwepa shida kwa njia nyingine, wakaziacha oskileta za analogi zianzishwe na saa ya kidijitali. Zinatyuni kama saa ya ukutani; wengine husema ndiyo sababu hazina roho. Mimi sisemi hivyo, nimezisikia zikiimba.

Mambo madogo ambayo hukuuliza lakini utayagonga. Usijaribu kutoa volti hizi kupitia tundu la spika la laptop: saundi kadi ya kawaida ina kapasita inayozuia volti tuli, noti inaanza sawa kisha inazama hadi sifuri. Ziko kadi zisizo na kapasita hiyo, kama ES-8 ya Expert Sleepers, na zinafanya kazi hii vizuri. Ukiazimwa sinthesaiza ya Korg MS-20, usiichomeke ukitegemea jedwali lako. Hiyo inataka volti iongezeke maradufu kwa oktava, 1, 2, 4, 8, si moja moja. Sinthesaiza za Buchla zinatumia volti 1.2 kwa oktava. Na kwenye kodi tuma volti ya noti kwanza, kisha milisekunde moja baadaye ndipo ufungue geti (ishara inayoanzisha noti), usije ukasikia mkia wa noti iliyopita mwanzoni mwa mpya.

Ethi nayo. Laptop ikiwa kwenye chaja ya miguu miwili, ethi yake na ya sinthesaiza hazikubaliani, na tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye waya wako wa volti. Milivolti 2 tu za mngurumo wa umeme wa ukutani zinaifanya noti itetemeke mara 50 kwa sekunde, na unaweza kuisikia kama ukali usio na sababu. Waliobuni MIDI, lugha ya vyombo vya muziki kutumiana noti, mwaka 1983 walilijua hili. Ndiyo maana waya wa MIDI wa pini tano hauunganishi ethi za vyombo viwili, ujumbe unavuka kwa mwanga ndani ya kichipu. Ukiona ukali huo umebaki baada ya matengenezo yote, ipe Arduino noti kwa MIDI ya pini tano na umeme wake kutoka kwenye sinthesaiza, USB iondoke kabisa njiani.

Mjomba wako sasa. Hapa ndipo volti inaipita kibodi, maana yenyewe haijui vitufe. Rast ukiianzia C, sauti ya tatu haiko E wala E iliyoshushwa, iko katikati: nusu toni 3 na nusu kutoka C, yaani milivolti 291.67. Kwa MCP4822 andika 292. Sauti ya saba ni nusu toni 10 na nusu, 875 kamili, bila kukadiria hata chembe. Hizo ni za vitabuni. Wapiga ganuni hawakubaliani wote juu ya mahali pa ile ya tatu, na mjomba ana vile vijiti vyake vya chuma pembeni anavyoviamini kuliko Arduino. Basi mwambie aishikilie yake, wewe anza na 292, ongeza au punguza moja moja hadi kule kuvimba na kunywea kutulie, kisha andika namba mliyofikia pembeni ya jina lake.